Fundi wa Maji Aliyekwenda Genova

Neno la kwanza aliloniambia ni kwamba maji yangu yanavuja. Nilikuwa nimefika Kiganjo asubuhi hiyo kutoka Busia, mwalimu mgeni wa Kiswahili katika shule ya msingi, na sikuwa nimemaliza hata kuingiza godoro ndani. Upande wa pili wa ua la miiba ya kayaba alisimama mzee mrefu mwenye koti la mvua lililofungwa vifungo mpaka shingoni, ingawa jua lilikuwa linawaka. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayetega sikio kwa redio ya jirani.

"Mwalimu," akasema, na mpaka leo sijui ni nani aliyekuwa amemwambia kazi yangu, "iko mahali maji yako inavuja. Si kwa nyumba. Ni huku nje, karibu na hiyo mti ya avokado."

Mimi sikusikia kitu. Akazunguka ua, akaja na ufito wa chuma, akauchomeka ardhini na kuweka sikio kwenye ncha ya juu. Akasogea hatua moja, akasikiliza. Akasogea nyingine. Mara ya nne akachora alama kwa kisigino cha gambuti lake na kuniambia nitafute jembe. Tulichimba hapo hapo, kina cha goti, tukakuta bomba limepata ufa na maji yakibubujika kimyakimya kwenye udongo mwekundu. Alilifunga, akajifuta mikono kwa majani, akasema, "Sawa basi," akaondoka. Nilikuwa nimeshaweka chai jikoni. Niliinywa peke yangu.

Kila mtu alimwita Fundi wa Maji, au Fundi tu. Hata mkewe alimwita hivyo. Alikuwa amefanya kazi ya mabomba ya mji wa jirani wa Nyeri kwa miaka mingi mpaka akastaafu, na alijua kila valvu iliyofukiwa chini ya lami kuanzia sokoni mpaka hospitalini. Tukiwa pamoja mjini hakuwa akitazama maduka. Alitazama chini. "Hapa iko bomba ya inchi sita," angesema, akivuka barabara. "Hapa niliteremka kwa shimo siku tatu, ndiyo tukaipata." Nilizoea kutembea na mtu anayeuona mji kwa ndani.

Kwa miaka kumi na mmoja niliyokaa pale hakuwahi kuingia nyumbani kwangu na kuketi. Alikunywa chai akiwa amesimama mlangoni, kikombe mkono mmoja, mkono wa pili ukishika mwimo wa mlango kama anayeupima. Alikuwa mwepesi wa kusaidia na mzito wa kuzungumza. Mjane wa nyumba ya chini angeamka akute mfereji wake umetengenezwa, na asijue ni nani. Lakini ukimshukuru Fundi alikasirika, akaanza kuzungumzia mvua.

Alisema amechoka na watu. Alisema hivyo mara nyingi, hasa baada ya mkewe kufa. Lakini asubuhi, makurutu wa chuo cha polisi walipopita barabarani wakikimbia na kuimba, alitoka langoni na koti lake, akasimama akiwasalimia, safu baada ya safu, mkono juu. Hawakuweza kumjibu. Wako kazini, wanatazama mbele. Nilimwuliza siku moja kwa nini anajisumbua.

"Wengine ni watoto wa mbali," akasema. "Kama wewe."

Mkewe alikufa kwa ugonjwa wa moyo, katika mwezi wa baridi, ule wakati ukungu unakaa Kiganjo mpaka saa sita na mlima hauonekani wiki nzima. Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti aliyeitwa Nyokabi. Nyokabi alikuwa Italia. Alikwenda kwanza kama yaya wa familia moja ya Nairobi iliyohamia huko, na familia ile iliporudi yeye alibaki, akapata kazi ya kuwatunza wazee katika mji wa bandari uitwao Genova. Mama yake alipokufa karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa. Angetoka Italia, asingeruhusiwa kurudi.

Basi mimi ndiye niliyeshika simu siku ya mazishi. Nilisimama kando ya kaburi, mkono nimeunyoosha mbele, Nyokabi akitazama kutoka huko. Mkono ulinichoka, nikaubadilisha, naye akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nisogeze karibu na Baba." Nilimsogeza. Fundi aliangalia simu kwa muda mrefu. Uso wa bintiye ulikuwa mdogo kama picha ya kitambulisho. Watu walikuwa wakisubiri aseme neno la baba kwa mtoto wake.

"Sawa basi," akasema, akageuka kuchukua koleo.

Wapo waliomhukumu kwa hilo. Mimi nilikuwa karibu kuliko wote, nikaona jinsi kidevu chake kilivyokuwa kikitetemeka, na tangu hapo kila aliposema "sawa basi" sikumchukulia tena kama mtu anayefunga mazungumzo kwa kiburi.

Baada ya mazishi akaanza kujenga. Aliongeza chumba upande wa nyumba unaopata jua la asubuhi, akakivutia maji mwenyewe, ya moto na ya baridi, na bafu lenye vigae vyeupe. Nyumbani kwake mwenyewe alikuwa akioga kwa karai. Nilipomwuliza chumba ni cha nani, alinitazama kama anayemtazama mwanafunzi mzito.

"Ni ya Nyokabi. Huko Ulaya amezoea maji ya moto."

Karatasi za Nyokabi zilipokamilika, jambo la kwanza alilofanya ni kumwalika baba yake kwa miezi mitatu. Kiganjo nzima ilicheka. Fundi hakuwa amewahi kuiona bahari. Hata Mombasa hakuwa amefika. "Ameruka Mombasa," wakasema dukani, "ameenda kutafuta chumvi Italia." Yeye hakujali. Je, alikuja kuniaga usiku wa kuamkia safari? Hapana, ilikuwa mchana, nakumbuka nilikuwa nimetoka kusahihisha mitihani. Alikuja kwenye ua akiwa amevaa suti aliyofungia ndoa. Ndani ya sanduku, aliniambia, amebeba majani ya chai, blanketi jipya na spana yake ya mabomba.

"Spana ya nini, Mzee? Si unaenda kutembea?"

"Siendi kutembea," akasema. "Naenda kumchukua."

Alirudi baada ya miezi mitatu, peke yake.

Nilitaka kumwuliza mara moja, lakini sikupata nafasi, kwa sababu wote walitaka kumsikia. Kanisani walimpa dakika tano baada ya matangazo, naye akachukua nusu saa. Hatukuamini. Mtu huyu ambaye hukujua ameshiba au ana njaa alisimama mbele ya watu akaueleza mji mzima, kwa mikono.

Alisema ule mji uko juu juu, kama Nyeri, umepanda milima kutoka majini, na ndani ya milima wamechimba lifti, hivi kwamba mama mzee na mfuko wake wa mboga anaingia shimoni huku chini na kutokea kule juu bila kutoa jasho. Alisema bandari ya zamani, ambako zamani wanaume walibeba magunia ya pamba mgongoni, sasa haibebi kitu. Wameisafisha. Yale maghala makubwa wameyafanya kumbi na maduka, wamepanda minazi ambayo haizai nazi, wameweka nyumba ya vioo ambamo watu wanapanga foleni kutazama samaki walio hai.

"Wameacha winchi imesimama," akasema. "Ile ya kuinua mizigo. Haifanyi kazi. Wameipaka rangi nzuri, watu wanapiga picha nayo."

Mtu mmoja akauliza bahari inafananaje. Fundi alifikiri.

"Mimi nilifikiri itakuwa na kelele. Pale ndani ya bandari haina. Imekaa tu. Inanuka mafuta na vitu vya kukaangwa."

Kanisa likacheka, naye akacheka kidogo, akarudi kuketi. Hakuwa amelitaja jina la Nyokabi hata mara moja.

Yaliyobaki nilipewa mimi, kwenye ua, kwa muda wa miaka miwili hivi. Aliyatoa kidogo kidogo, bila mpango. Tungekuwa tunazungumzia kuku, kisha angesema, "Kule Genova..." na hapo ningesimama nilipo.

Ndivyo nilivyojua kwamba hakukaa na bintiye. Nyokabi alilala nyumbani kwa mzee ambaye yeye ndiye aliyemtunza, kwa kuwa mzee yule hakuweza kuachwa. Alikuwa amezidi miaka themanini, miguu haimtii, na mwanawe wa pekee alifanya kazi mji mwingine. Nyokabi na wanawake wengine wawili wa kazi hiyo walikuwa wamepanga chumba kimoja katika mji wa kale, kwa ajili ya saa zao za mapumziko, na hicho ndicho Fundi alichopewa. Bintiye alikuwa huru Alhamisi alasiri na Jumapili. Siku nyingine zote, kuanzia asubuhi mpaka jioni, Fundi alikuwa peke yake katika mji ambamo hakuweza kusema neno na mtu yeyote.

Chumba kilikuwa ghorofa ya nne, katika kichochoro chembamba kiasi kwamba akisimama katikati na kunyoosha mikono aligusa kuta zote mbili. Mabomba yalipita nje ya kuta, ya zamani juu ya mapya, na hilo lilimfurahisha. Siku ya kwanza alisimama akiyafuata kwa macho mpaka shingo ikauma. Nguo zilianikwa juu, kutoka dirisha hadi dirisha, kwa kamba zenye magurudumu. Ng'ambo ya kichochoro kulikuwa na dirisha lenye vibao vya kijani, kibao kimoja kimefunguliwa kidogo, na paka amekaa kwenye kizingiti. Kila asubuhi Fundi alifungua lake na kuinua mkono, kumsalimia mwenye nyumba ya paka.

"Siku ya nne," akaniambia, "nikaona huyu paka haendi choo. Nikaangalia vizuri. Mwalimu, ilikuwa rangi."

"Paka?"

"Paka, na dirisha. Yote. Wamechora kwa ukuta. Wanachora dirisha mahali haiko, nyumba ionekane sawasawa. Mimi nimesalimia ukuta siku nne."

Nilicheka mpaka nikashika mti. Yeye alicheka pia. Kisha akaongeza, akichuma jani la kayaba na kulikunja, kwamba aliendelea kuinua mkono hata baada ya kujua. Alikuwa ameshazoea.

Akawa anatembea. Aliniambia kwamba ukiwa peke yako katika mji unaanza kuona nani mwingine yuko peke yake. Katika sehemu ile mpya ya bandari walikuwa wageni, wamejaa, wakitembea na aiskrimu. Lakini ukipanda kidogo, penye viti chini ya miti, kila asubuhi kulikuwa na wazee wenyeji, na kila mzee ana mwanamke wa nchi nyingine amemshika mkono. Wanawake wa Amerika ya Kusini, wa Ulaya ya Mashariki, wa Afrika. Wazee walitazama mbele. Wanawake walizungumza kwenye simu, kwa lugha zao, na watoto wao wa mbali. Alikaa karibu nao ili asikie tu watu wakiita majina ya watoto.

Katika kichochoro chake nyumba nyingi zilikuwa zimepakwa rangi mpya, ya manjano na ya waridi, lakini wenyewe hawakuwamo. Milangoni palining'inizwa visanduku vidogo vya namba, na ndani yake ufunguo. Mgeni alikuja, akabonyeza namba, akaingia. Baada ya siku mbili akatoka, akaja mwingine. Asubuhi aliamshwa na magurudumu ya masanduku yao juu ya mawe. Ghorofa ya chini yake aliishi mama mmoja mzee, mwenyeji, na Fundi alisema kwamba yeye na mama huyo ndio tu waliolala katika jengo lile wiki mbili mfululizo. Walikutana ngazini. Mama alisema neno lake, Fundi akasema "Habari," wakapishana.

"Ni mji mzuri," aliniambia. "Usinielewe vibaya. Wameutengeneza vizuri sana. Mitaro safi. Hakuna mahali nilisikia bomba inavuja. Lakini nilikuwa najiuliza, wametengenezea nani?"

Kuhusu Nyokabi alisema machache zaidi. Alhamisi walikula pamoja, mkate wa mafuta na maharagwe. Jumapili alimpeleka mahali pa kuona. Binti alikuwa amenenepa kidogo, Fundi alisema, na alikuwa akitembea haraka, akitazama saa. Alisema "ndiyo, Baba" na "umekula, Baba?" kwa sauti ya upole ambayo hakuwa nayo alipokuwa msichana. Ilimchukua muda, alisema Fundi, kujua alikoitoa sauti ile.

Aliijua siku ya tangi la choo. Hii ndiyo hadithi pekee ambayo aliniambia akiwa ameketi, juu ya mkebe wa rangi uliopinduliwa, upande wake wa ua.

Karibu na mwisho wa ziara yake, Nyokabi alimpigia siku isiyokuwa yake. Tangi la choo katika nyumba ya mzee lilikuwa linatoa maji bila kukoma, fundi wa huko amesema atakuja wiki ijayo, na mzee anachukia ile sauti, halali. Je, Baba anaweza kuja? Baba alichukua spana, akapanda ile lifti ya ndani ya mlima, akafika.

Ilikuwa nyumba kubwa yenye giza, na mzee ameketi kitini na blanketi magotini. Lilikuwa ni lile blanketi jipya la Kiganjo. Nyokabi alikuwa amempa. Fundi aliliona. Alikwenda chooni, akafungua tangi, na mzee akadai kwa ishara asogezwe mlangoni aone. Basi wakakaa pale, wazee wawili wasioelewana neno. Zamani, Nyokabi alieleza, mzee huyu alikuwa akitengeneza injini za meli katika bandari ile ile, kabla haijawa ya matembezi. Alijua vyuma. Fundi aliponyoosha mkono nyuma bila kutazama, mzee aliweka mkononi mwake kifaa sahihi. Kijiduara cha mpira kilikuwa kimeliwa na chokaa. Mzee akamtuma Nyokabi kabatini, akaleta kopo la biskuti limejaa vijiduara vya kila ukubwa, vimewekwa miaka mingi. Wakachagua pamoja. Maji yakanyamaza. Mzee akapiga makofi.

"Hiyo ndiyo siku yangu nzuri kule," akasema Fundi.

Baadaye Nyokabi aliwawekea chakula. Akamkatia mzee nyama vipande vidogo. Akamfuta mdomo, akamwambia neno sikioni, mzee akatabasamu. Alifanya hayo bila kufikiri, kama mtu anayefunga vifungo vya shati. Na ile sauti ya upole ilikuwa ni hiyo.

"Nikaona anajua kazi," Fundi alisema. "Mimi nilikuwa fundi miaka yote, najua mtu anayejua kazi. Nilikuwa nimeenda na maneno yangu nimepanga. Nyumba iko, chumba iko, maji ya moto iko. Turudi. Nikamwangalia huyu mzee. Nikajiuliza, nikimchukua, huyu atabaki na nani?"

"Kwa hivyo hukumwambia?"

"Sikumwambia."

"Hata uwanja wa ndege?"

"Aliniuliza, 'Baba, kuna kitu unataka kusema?' Nikamwambia sawa basi."

Juma lile nilijaza fomu ya kuomba uhamisho. Mama yangu alikuwa Busia, akitunzwa na mke wa kaka yangu, na kwa miaka kumi nilikuwa nikimtumia sukari na salamu. Sikumwambia Fundi sababu. Lakini nilipomweleza kwamba nimeomba kurudi kwetu, alitikisa kichwa mara kadhaa, akaenda kunikagulia mabomba ya nyumba yote, kana kwamba mpangaji atakayekuja ni mimi.

Kabla barua yangu ya uhamisho haijatoka, mzee wa Genova alikufa. Nilijua kwa sababu asubuhi hiyo Fundi hakutoka kuwasalimia makurutu. Nilipita ua nikamkuta jikoni, simu iko mezani mbele yake.

"Nyokabi amepiga," akasema. "Yule mzee amekufa usingizini. Analia, Mwalimu. Analia mpaka hawezi kuongea. Analia kama ni mimi nimekufa."

Nilimwambia pole, nikijua kwamba pole si neno lenyewe. Kisha nikasema lile ambalo sote wawili tulikuwa tukilifikiria. "Sasa yuko huru, Mzee. Mwambie."

Alimpigia Jumapili iliyofuata. Alikuja hapo kwenye ua kuipiga, nadhani alitaka mtu awe karibu, nami nikajifanya nang'oa magugu. Nilimsikia akisema yote, kwa Kigikuyu na kwa Kiswahili, chumba, vigae, jua la asubuhi. Sijamsikia mtu akiomba vile. Kisha sauti ya Nyokabi ikatoka kwenye simu, ya upole, ile aliyonieleza baba yake.

"Baba, nimepata mama mwingine wa kutunza. Wananingoja kesho. Ungeniambia nilipokuuliza, uwanja wa ndege. Siku hiyo ningekuja."

Fundi alikata simu, akaifuta kioo kwa mkono wa koti, akaitia mfukoni. Mimi niliendelea kung'oa magugu mpaka nikaanza kung'oa mboga.

Nilihamia Busia mwezi uliofuata. Nilikaa na mama yangu miaka mitatu, akafa mikononi mwangu, na sitayaandika hayo hapa. Fundi nilimpigia simu sikukuu, na kila mara alikuwa mzima, mvua ilikuwa nzuri, sawa basi.

Mwaka jana, likizo ya Agosti, nilialikwa harusi ya mwalimu mwenzangu Karatina. Siku iliyofuata nilinunua vitu sokoni, karoti na nduma na viazi, nikaenda Kiganjo bila kumwarifu. Ua la kayaba lilikuwa limekatwa fupi. Fundi alikuwa ameketi kwenye benchi la veranda. Alikuwa amepungua, mguu mmoja umepigwa na kiharusi, na mkono wa upande huo uko mapajani. Alinitambua kwa hatua kabla sijafika langoni.

"Mwalimu," akaita. "Kanyaga pole, huko kuna utelezi."

Nilimuuliza nani anakaa naye. Akanieleza kwamba Nyokabi amemwajiria msichana wa kazi, Wanja, mtu wa Gakindu, anayempikia na kumwogesha. Analala katika kile chumba cha vigae. Nikamtafuta kwa macho, sikumwona.

"Hayuko. Nimemtuma kwao tangu jana," akasema Fundi. "Yuko na baba yake huko, mzee kama mimi, anachuma kahawa peke yake. Namtuma kila wiki, siku mbili. Nyokabi hajui. Akijua atamgombeza."

"Na wewe unabaki na nani?"

"Mimi nakaa."

Jikoni kulikuwa na sufuria iliyofunikwa ya githeri, mahindi na maharagwe yaliyopikwa na nyama, chupa ya chai, na ndoo imewekwa mahali anapoweza kuifikia kwa mkono mmoja. Kila kitu kilikuwa kimepangwa kwa ajili ya mtu atakayekaa siku mbili bila msaada. Nilimpashia chakula. Nilitaka kumkatia nyama, nikaona anavyonitazama, nikamwachia kisu. Ilimchukua muda. Tulizungumza kuhusu mama yangu, naye aliuliza maswali ambayo hakuna mtu mwingine aliyeniuliza: kama alikuwa akisikia baridi miguuni, kama alinijua mpaka mwisho.

Saa kumi hivi, nikiwa nimejitayarisha kuondoka, lango likalia. Mwanamke wa miaka thelathini hivi aliingia, kitambaa kichwani, kiroba mgongoni, viatu vimejaa vumbi jekundu. Fundi akakunja uso.

"Wanja, si nilisema kesho? Kwa nini umerudi?"

"Baba amenifukuza, Guka," Wanja akasema, akimwita babu kwa Kigikuyu, huku akicheka na kutua kiroba. "Amesema huyo mzee wa watu hawezi kukaa peke yake siku mbili. Amekuletea ndizi. Amesema nikusalimie sana."

Niliona kidevu cha Fundi kikianza kutetemeka. Nilisubiri "sawa basi," nikiwa nimeshika mkoba wangu tayari, lakini haikuja. Alisogeza mguu wake mbaya kwa mkono wake mzuri, akafanya nafasi kwenye benchi kando yake, akampigapigia pale pa kukaa.

"Kaa," akasema. "Hebu niambie. Mlipika nini? Alikula vizuri?"

Wanja alikaa, akavua viatu, akaanza kumweleza. Walipika mukimo wa viazi na mahindi. Baba alikula sahani mbili. Walikaa juani. Fundi aliuliza walizungumza nini, na kabla ya hapo nini, na baba alicheka wakati gani, na Wanja akajibu yote, akishangaa kidogo, akimenya ndizi na kumpa. Niliaga mara mbili, hawakunisikia. Nikatoka, nikafunga lango polepole.